Sindano ya Vishipa vya Buibui Miguuni: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi wanaojiandaa kwa mtihani. Majibu hayana urefu mmoja. Pale watahiniwa wanapoanguka nimekaa sana, na pale ambapo sentensi mbili zinatosha nimeandika mbili. Funika jibu, jaribu mwenyewe kwanza, kisha linganisha.

Swali la 1. Vishipa vya buibui ni nini, na vinatofautianaje na vena zilizovimba?

Jibu. Ni vena ndogo kabisa za ndani ya ngozi zilizotanuka hadi zikaonekana kwa macho. Huwa nyekundu au za zambarau, zimetawanyika kama nyuzi za utando wa buibui, na kila kimoja kina kipenyo kisichozidi milimita 1. Vena za milimita 1 hadi 3, zenye rangi ya bluu, zilizolala chini kidogo ya ngozi na kupitana kama wavu, huitwa vena za wavu. Zikizidi milimita 3, zikatuna na kujipinda mtu anaposimama, hizo ndizo vena varikosi. Katika mpangilio wa kimataifa uitwao CEAP, uliowekwa mwaka 1994, vishipa vya buibui na vena za wavu huingia daraja C1, na vena varikosi huingia C2. Kuanzia hapo unapanda: uvimbe wa mguu C3, mabadiliko ya ngozi C4, kidonda kilichopona C5, kidonda kibichi C6.

Mgonjwa umpime akiwa amesimama. Aliyelala, vena zake zimeshamwaga damu na utaona nusu tu ya tatizo. Picha nyingi za vitabuni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo usisubiri kuona wekundu kwenye mguu mweusi. Kwenye ngozi yetu vishipa hivi mara nyingi huonekana kama nyuzi za zambarau iliyokolea au kahawia nzito. Angalia kwa mwanga unaotoka ubavuni.

Swali la 2. Eleza kwa nini vena za mguu hutanuka.

Jibu. Damu ya mguuni hupanda kwenda moyoni ikipingana na uzito wake yenyewe. Inasaidiwa na mambo mawili: misuli ya shavu la mguu inayoikamua mtu anapotembea, na vali ndogo ndani ya vena zinazoizuia kurudi chini. Mtu akisimama wima bila kusogea, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, hushuka chini ya 30 ikiwa vali ni nzima. Vali zikilegea, damu hurudi nyuma, presha haishuki, na vishipa vidogo vya ngozini ndivyo vinavyobeba mzigo. Urithi una sehemu kubwa. Mimba, homoni za kike, umri, unene, jeraha la zamani na kazi za kusimama kutwa huongezea.

Swali la 3. Dawa inayochomwa hufanyaje kazi? (Alama 6)

Jibu. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa sababu watahiniwa huandika kwamba dawa "inagandisha damu" na kuishia hapo. Kama lengo lingekuwa donge la damu, tungekuwa tunamtengenezea mgonjwa ugonjwa. Donge huyeyuka, njia hufunguka tena, na vishipa hurudi.

Shabaha ya dawa ni ukuta wa mshipa. Inaunguza tabaka la ndani la seli zinazofunika vena. Ukuta ulioumizwa huvimba, hubana, na pande mbili zikikutana hushikana. Kwa wiki zinazofuata mshipa hugeuka kuwa uzi wa tishu ya kovu, na mwili huufyonza taratibu hadi upotee machoni. Damu inayobaki ndani ni kero: inachelewesha kushikana huko na kuacha rangi ya kahawia kwenye ngozi. Ndiyo maana tunachagua kipimo kidogo kinachotosha kuua ukuta, kisha tunabana mguu ili kuta mbili zikutane bila damu katikati.

Anayeuliza kama mwili hautakosa mshipa huo, mjibu hivi: mshipa huo ulikuwa umeshaacha kufanya kazi yake, na damu itapita katika vena nyingine nyingi zilizo nzima.

Swali la 4. Taja makundi ya dawa hizi na tofauti zake.

Jibu. Kundi la kwanza hufanya kazi kama sabuni: huyeyusha utando wa seli. Humo mna polidokanoli na sodiamu tetradesili salfeti. Polidokanoli ilibuniwa miaka ya 1930 kama dawa ya ganzi, na ndiyo sababu haiumi sana inapoingia. Iliidhinishwa Marekani kwa vishipa vya buibui na vena za wavu mwaka 2010, ingawa Ulaya ilikuwa ikiitumia kwa miaka mingi kabla ya hapo. Tetradesili ni ya tangu mwaka 1946 na ni kali zaidi, hivyo kwa vishipa vya buibui huzimuliwa sana.

Kundi la pili hunyonya maji kutoka kwenye seli. Mfano wake ni maji ya chumvi mazito, asilimia 23.4. Haya hayana hatari ya mzio, lakini yanachoma, yanakaza misuli, na yakivuja nje ya mshipa yanaweza kula ngozi. Kundi la tatu huiunguza seli moja kwa moja kwa kemikali, kama gliserini iliyochanganywa na chumvi ya kromu, ambayo husifiwa kwa kuacha rangi kidogo.

Swali la 5. Mgonjwa ana kilo 60. Kiwango cha juu cha polidokanoli ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Una dawa ya asilimia 0.5. Unaweza kutumia mililita ngapi?

Jibu. Anza na asilimia. Asilimia 0.5 maana yake ni gramu 0.5 katika mililita 100, yaani miligramu 500 katika mililita 100, yaani miligramu 5 katika kila mililita. Anayeandika miligramu 0.5 kwa mililita amekosea mara kumi, na kosa la mara kumi kwenye bomba la sindano halina msamaha.

Kiwango cha juu ni 60 × 2 = miligramu 120. Gawanya kwa 5, unapata mililita 24.

Sasa usikimbilie swali linalofuata. Hesabu imekupa 24, lakini maelekezo ya dawa iliyoidhinishwa Marekani yanasema usizidishe mililita 10 kwa kikao kimoja, na kila tundu la sindano lipokee mililita 0.1 hadi 0.3 tu. Jibu lenye alama zote linataja hesabu na kisha kikomo. Ukiwa na dawa ya asilimia 1 tu na unataka 0.5, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji ya chumvi ya kawaida.

Swali la 6. Mwanamke wa miaka 46, mpishi wa shule, amekuja kuomba sindano. Ana vishipa vyembamba vilivyotandaa kama feni upande wa ndani wa kifundo cha mguu. Jioni miguu inavimba, na ngozi hapo imeanza kuwa nyeusi na ngumu. Utamchoma leo?

Jibu. Hapana. Ukikumbuka swali moja tu katika marudio haya, kumbuka hili.

Vishipa vyake vinafanana na vile vya Swali la 1, lakini mahali vilipo panasimulia habari nyingine. Feni ya vishipa kwenye kifundo, ikiambatana na uvimbe na ngozi iliyobadilika, ni dalili kwamba vena kubwa zilizo juu yake zimeshindwa. Huyu yuko daraja C4, na kidonda kiko njiani. Ukichoma vishipa na kuacha chanzo, presha ileile itavifungua vingine ndani ya miezi michache. Mgonjwa atakuwa ametoa fedha zake, na daktari atakuwa amefunika dalili ya ugonjwa.

Anachohitaji ni ultrasaundi ya rangi ya vena akiwa amesimama. Mtaalamu anakamua shavu la mguu, anaachia, kisha anapima damu inarudi nyuma kwa muda gani. Ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde katika vena za juu juu, vali zimelegea. Chanzo hicho ndicho kinachotibiwa kwanza, kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, kwa povu, au kwa upasuaji. Baada yake zinafuata vena za wavu, na vishipa vya buibui vinakuja mwisho. Kanuni ya fundi mzuri ni kutoka juu kwenda chini na kutoka kubwa kwenda ndogo. Hata kwa mgonjwa wa C1 halisi, asiye na maumivu wala uvimbe, tafuta vena ya wavu inayolisha utando huo, mara nyingi pembeni mwa paja au goti. Ukiichoma hiyo, utando wenyewe huhitaji dawa kidogo.

Swali la 7. Nani hachomwi?

Jibu. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo. Mwenye donge la damu katika vena za ndani za mguu au kwenye mapafu kwa sasa. Mwenye maambukizi mahali pa sindano au homa kali ya mwili mzima. Asiyeweza kutembea, kwa sababu kutembea ni sehemu ya tiba. Mwenye ateri zilizoziba miguuni, hasa mgonjwa wa kisukari: gusa mapigo ya juu ya wayo kabla ya kuzungumzia sindano au soksi ya kubana, kwani soksi kwenye mguu usiopata damu inaweza kuuua mguu.

Mjamzito husubiri. Vishipa vingi vinavyojitokeza wakati wa mimba hufifia vyenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua, na hakuna sababu ya kumpa dawa mama wala mtoto kwa jambo linaloweza kusubiri.

Swali la 8. Eleza hatua za kuchoma.

Jibu. Piga picha ya mguu na uiweke kwenye faili. Baada ya miezi 3 mgonjwa atakuwa amesahau mguu ulivyokuwa, na wewe pia. Mweleze madhara kwa lugha yake, aweke sahihi. Mlaze, kwa maana akisimama vishipa hujaa damu na dawa huzimuliwa. Safisha kwa spiriti, ambayo pia huifanya ngozi ing'ae na vishipa vionekane.

Tumia sindano nyembamba ya geji 30, uikunje kidogo ili ilale karibu sambamba na ngozi, tundu likitazama juu. Vuta ngozi ikaze. Ingia taratibu, sukuma taratibu. Ukiwa ndani, utaona kishipa kikigeuka kuwa cheupe mbele ya macho yako, kwani dawa inaisukuma damu. Simama hapo. Ukiona kivimbe kidogo kinainuka, uko nje ya mshipa: acha mara moja, usilazimishe. Mikono yenye haraka ndiyo inayoleta vidonda.

Swali la 9. Mgonjwa afanye nini baada ya sindano?

Jibu. Avae soksi ya kubana palepale kitandani, kisha atembee dakika 15 hadi 20 kabla ya kwenda nyumbani. Kutembea huisukuma damu katika vena za ndani na kuzuia donge. Soksi huvaliwa siku 2 hadi 3 kwa vishipa vya buibui, na siku 5 hadi 7 kwa vena za wavu. Baadhi ya wataalamu huongeza hadi wiki kadhaa. Kwa siku hizo aepuke mazoezi mazito, maji ya moto sana, jua kali kwenye miguu, na safari ndefu za kukaa. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kesho yake, mpangie tarehe nyingine.

Kikao kinachofuata kiwe baada ya wiki 4 hadi 8. Matokeo ya vishipa vya buibui huonekana baada ya wiki 3 hadi 6, na vena kubwa kidogo huchukua miezi 3 au 4. Mwambie mapema kwamba mguu utaonekana mbaya zaidi kabla haujawa mzuri. Asipoambiwa, ataamini ameharibiwa.

Swali la 10. Wiki 5 baada ya sindano, mgonjwa mwenye ngozi nyeusi anarudi akilia: mistari ya kahawia imefuata njia za vishipa vyake. Nini kimetokea na utafanya nini?

Jibu. Seli za damu zilizokwama zimevunjika, na madini yake ya chuma yamebaki kwenye ngozi. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la pili: ngozi iliyochokozwa huzalisha rangi yake yenyewe kwa wingi. Mengi ya mabaka haya hufifia ndani ya miezi 6 hadi 12. Kagua kama bado kuna damu iliyofungiwa, kamba ndogo ngumu yenye kuuma ukiigusa. Ikiwepo, itoboe kwa sindano na uikamue, kwani damu hiyo ikiondoka rangi hupungua na maumivu huisha. Akinge miguu na jua. Mkataze kabisa krimu za kujichubua. Zitaharibu ngozi nzima, na madini ya chuma yatabaki palepale.

Wapo wanaosema mambo haya ni urembo tu, mgonjwa asilalamike. Sikubaliani nao. Mwanamke aliyeficha miguu yake miaka 10 na akakusanya ujasiri wa kuja kwako anastahili kuambiwa ukweli huu kabla ya sindano ya kwanza, na mwenye ngozi nyeusi anastahili kuambiwa mara mbili. Anza na dawa hafifu, jaribu eneo dogo, msubiri arudi, ndipo uendelee.

Madhara mengine: kuvilia damu na kuwashwa, ambavyo huisha, na kuchipuka kwa vishipa vipya vyembamba mno kuzunguka palipochomwa, ambavyo kwa wengi hufifia ndani ya mwaka. Donge katika vena za ndani ni nadra, ila shavu la mguu likivimba upande mmoja na kuuma, mpeleke ultrasaundi siku hiyohiyo. Kubwa kuliko yote ni dawa kuingia kwenye ateri. Ngozi huwa nyeupe kama chaki ghafla, na maumivu ni makali. Acha kusukuma papo hapo na uite msaada.

Swali la 11. Povu ni nini, na lina hatari gani?

Jibu. Ni dawa ya kundi la sabuni iliyotikiswa pamoja na hewa. Mwaka 2000 Lorenzo Tessari wa Italia alieleza njia rahisi: mabomba mawili yaliyounganishwa kwa koki ya njia tatu, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 4 za hewa, yakisukumana hadi povu liwe laini. Povu huisukuma damu badala ya kuchanganyika nayo, hivyo dawa kidogo hugusa ukuta mrefu. Linafaa vena kubwa. Kwa vishipa vya buibui dawa ya maji inatosha.

Karibu mtu 1 kati ya 4 ana kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa. Viputo vikipita hapo vinaweza kufika kichwani na kuleta ukungu wa macho au kipandauso, na kwa nadra kiharusi. Muulize mgonjwa kuhusu kipandauso kabla.

Swali la 12. Kweli au si kweli: tiba hii ina uhusiano na ugonjwa wa kichocho.

Jibu. Kweli. Kichocho cha tumbo, kinachosumbua watu wengi kandokando ya Ziwa Victoria, huleta kovu kwenye ini. Damu hukosa njia, na vena za umio hutuna hadi kupasuka. Mgonjwa hutapika damu. Kwa miaka mingi vena hizo zilichomwa dawa kama ethanolamini oleati kupitia kamera ya kumezeshwa, kwa kanuni ileile ya kuua ukuta wa mshipa. Siku hizi kuzifunga kwa vipete vya mpira ndiko kunakotangulizwa, kwa kuwa kuna madhara machache. Mtahini akikuuliza kuhusu umio katika karatasi ya miguu, usishangae.

Swali la 13. "Daktari, nikichomwa havitarudi tena?" Mjibu.

Jibu. "Mama, kile kitakachofungika vizuri hakirudi. Lakini mwili wako bado una sababu zilezile zilizokileta, kwa hiyo vipya vinaweza kutokea mahali pengine baada ya miaka. Kikao kimoja mara nyingi hakitoshi. Tutaanza na mguu mmoja, tuone ngozi yako inavyopokea." Usiahidi miguu ya utotoni.

Swali la 14. Taja kitu kimoja ambacho lazima kiwe kwenye trei kabla ya kufungua kichupa cha dawa.

Jibu. Adrenalini. Mzio mkali wa mwili mzima ni nadra, lakini huja ndani ya dakika: kuwashwa, kupumua kwa mluzi, presha kuanguka. Mtu mzima huchomwa miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya adrenalini ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mbakize kliniki angalau dakika 20 baada ya sindano. Chumba kisicho na adrenalini, oksijeni na mtu aliyefunzwa kuvitumia si mahali pa sindano hii, hata kikiwa na kitanda kizuri na taa nzuri. Ukikuta inachomwa saluni, mwambie mgonjwa ashuke kitandani.